Kumfundisha hesabu mtoto mwenye mahitaji maalumu: mwongozo kamili kwa mwalimu wa msingi (na mzazi pia)

Kama unafundisha darasa la kwanza mpaka la nne, iwe hapa Dodoma mjini au huko Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Chamwino, bila shaka unaye mtoto ambaye hesabu ikiandikwa ubaoni yeye ananakili tu, au anachungulia daftari la mwenzake, au anakaa kimya mpaka kipindi kiishe. Mmoja ana usonji, mwingine ni kiziwi, mwingine ana uoni hafifu, mwingine ana mtindio wa ubongo na mkono haushiki penseli vizuri, na yupo ambaye tatizo lake halijapewa jina lolote hospitali ila namba hazikai kichwani tu. Walimu waliosomea elimu maalumu pale chuo cha ualimu Patandi, Arusha, au vyuo vingine ni wachache na hawa watoto wapo kila shule, kwahiyo kazi inaangukia kwa mwalimu wa kawaida mwenye watoto 70 mbele yake. Nimeandika haya kwa ajili yake.

Kuna jambo moja naliamini kabisa na mengine yote humu yanatoka hapo. Tunawapa watoto vijiti na mawe darasa la kwanza, wanahesabu vizuri, alafu siku moja vile vitu vinaondolewa na zinabaki tarakimu ubaoni. Hapo katikati kuna hatua ya michoro, yaani mtoto achore kile alichokuwa anakishika kabla hajaandika namba yake, na hiyo ndio tunairuka. Mtoto mwingine analiruka pengo hilo mwenyewe bila kufundishwa. Huyu wetu haruki, anabaki ng'ambo, na sisi tunasema hajui hesabu. Jerome Bruner, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza tangu miaka ya 1960 kwamba mtu anaelewa kitu kwanza kwa kukishika, kisha kwa picha, kisha kwa alama, na mpaka leo elimu maalumu sehemu nyingi duniani inafundisha hesabu kwa mpangilio huo: vitu, michoro, tarakimu. Shika hayo maneno matatu, utayakuta kila hatua.

HATUA YA 1: Jua amefikia wapi, usiangalie yuko darasa la ngapi

Usimpe karatasi ya maswali. Kaa naye dakika tano pembeni, chukua vifuniko kama 12 vya chupa za maji, na muangalie mikono na mdomo. Mwambie ahesabu nane. Hapa ndio utaona mambo. Mdomo unakimbia "moja mbili tatu nne" kama wimbo huku kidole kiko kwenye kifuniko cha pili bado, au kifuniko kimoja kinaguswa mara mbili, au anaruka kimoja alafu anarudi. Akimaliza muulize "vingapi?" Akianza kuhesabu upya kutoka moja badala ya kusema nane, basi hajajua kwamba namba ya mwisho aliyoitaja ndio idadi ya vyote. Vitawanye vifuniko mbele yake viwe mbalimbali, uliza tena vingapi, akisema vimeongezeka hapo umeona kitu kingine. Kisha mwambie "nipe sita", maana kuhesabu vilivyo mezani na kutoa sita kutoka kwenye lundo ni vitu viwili tofauti na wengi wanaanguka hapo, anakupa vyote. Mwisho muulize baada ya sita inafuata ngapi, akilazimika kuanza moja tena, andika.

Pale alipoanguka mara ya kwanza ndio pa kuanzia, hata kama yuko darasa la nne na wenzake wako kwenye hesabu za sehemu (nusu, robo). Najua inauma, unaona silabasi inakukimbia. Lakini mtoto asiyeweza kukupa vifuniko sita ukimpeleka kwenye 346 kutoa 158 unampotezea mwaka.

Mtoto aliyekuja shule kutoka kijijini akiwa anaongea Kigogo au Kirangi nyumbani muulize na kwa lugha hiyo, au muombe mwalimu anayeijua akusaidie. Kuna watoto wanahesabu mbuzi nyumbani vizuri kabisa na darasani wanaonekana hawajui kitu kwa sababu ya lugha tu. Kiziwi ajibu kwa mikono, asiyeona apewe vifuniko kwenye sinia lenye kingo ili visimkimbie. Na kabla hujasema mtoto ana shida ya akili, hakikisha amepimwa macho na masikio.

HATUA YA 2: Andika lengo moja dogo

Chukua daftari, ukurasa mmoja wa mtoto mmoja. Juu andika anachoweza sasa hivi, chini yake lengo moja la wiki mbili. Lengo liwe la kuonekana kwa macho. "Aelewe kutoa" haikusaidii chochote, utajuaje ameelewa? Andika hivi: akipewa vitu visivyozidi 10 atoe nilivyomtajia na aseme vilivyobaki, mara 4 kati ya 5, bila kusaidiwa. Hapo hata mwalimu mwingine akija anaweza kupima.

Kuna mambo mawili hapa ambayo watu wanayachanganya na yanawaumiza watoto sana. Kuna mtoto anayehitaji njia tofauti na kuna mtoto anayehitaji lengo tofauti. Asiyeona, kiziwi, mwenye ualbino, mwenye ulemavu wa viungo, hawa kama akili iko sawa wanatakiwa kusoma hesabu ile ile ya wenzao, ngumu vile vile, wewe unabadilisha karatasi, unabadilisha kiti, muda, namna ya kujibu. Mtoto mwenye ulemavu wa akili ndio unaweza kumpunguzia lengo, wenzake wanajumlisha mpaka 1,000 yeye anajumlisha mpaka 20. Kumpa mtoto asiyeona hesabu rahisi rahisi kwa huruma ni kumnyima elimu, nasema hivyo bila kupepesa. Pale Buigiri, Chamwino, kuna shule ya wasioona ya miaka mingi, na watoto wake wanafanya mtihani wa taifa wa darasa la saba kama wengine.

HATUA YA 3: Kusanya zana, nyingi ni za bure

Cha kwanza trei ya mayai, ile ya karatasi ya mayai 30. Ina mashimo 5 kwa 6. Ikate vipande vitatu, kila kimoja kiwe na mashimo 5 juu na 5 chini, unapata vipande vitatu vya kumi kumi. Kwa kifaa hiki peke yake unaweza kufundisha muhula mzima. Mtoto akiweka vifuniko 7 anaona tano zimejaa juu, mbili chini, na matatu matupu, kwahiyo 7 na 3 ni kumi ameiona kwa macho na asiyeona ameigusa kwa kidole.

Vingine ni vifuniko vya plastiki vya chupa za maji (vizibo vya soda vya bati vina makali, na karanga au mbegu za ubuyu waepushe watoto wanaotia vitu mdomoni), vijiti vilivyonyooka vya urefu mmoja pamoja na mipira ya kufungia, kamba yenye mafundo, boksi la kukata kadi, maka peni nyeusi nene. Kwa mstari wa namba kata kipande cha boksi kirefu, andika 0 mpaka 20, kibandike juu ya dawati lake kwa seloteipu. Kwa asiyeona au mwenye uoni hafifu sana, pitisha gundi kwenye mstari na umwagie mchanga, kwenye kila namba bandika kipande cha kijiti, kwenye 5, 10, 15 na 20 weka vijiti viwili ili ajue amefika wapi bila kuanza mwanzo.

Na daftari. Watoto wengi wanakosa hesabu kwa sababu tarakimu zinahama, ya makumi inakaa chini ya mamoja. Mpe daftari la vijumba. Kama hakuna, geuza daftari la kawaida la mistari liwe la ubavu, ile mistari ya kulala inasimama na kuwa safu, mamoja safu yake, makumi safu yake. Haikugharimu hata shilingi.

HATUA YA 4: Kumi ndio nguzo

Usikimbilie mia. Mtoto akiijua kumi vizuri, yaani 6 inahitaji 4, 8 inahitaji 2, bila kuhesabu kidole kwa kidole, umemaliza kazi kubwa sana. Kila siku dakika tatu: weka vifuniko kwenye kile kipande cha trei, muonyeshe haraka, funika, muulize viko vingapi na vimepungua vingapi kufika kumi. Mwanzoni weka vitatu vinne, baadae panda.

Kiswahili hapa kinatubeba kidogo alafu kinatuangusha. Kinatubeba kwenye kumi na moja mpaka kumi na tisa, maana jina lenyewe linasema kumi, na moja. Kipande cha trei kimejaa, kimoja nje, soma unachokiona. Kinatuangusha kwenye ishirini, thelathini, arobaini, hayo majina hayamwambii mtoto chochote kuhusu makumi mangapi. Kwahiyo kwa wiki kadhaa mruhusu aseme "makumi matatu na nne", na wewe unasema "ndio, thelathini na nne", kila mara, mpaka lile jina likae lenyewe. Usimsahihishe kwa ukali, alichosema ni kweli tupu.

HATUA YA 5: Kutoa kwa kukopa, hatua kwa hatua

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndio wengi wanapotea, na ukielewa hii utaweza kupanga somo lolote lingine.

Mpe 52 kutoa 27. Mtoto anaandika 35. Mwalimu anaweka kosa, anampa nyingine kumi, anakosa zote. Angalia kwa makini alichofanya: 7 na 2, akachukua kubwa akatoa ndogo akapata 5, 5 na 2 akapata 3. Huyo habahatishi, ana kanuni yake, "toa ndogo kwenye kubwa", na anaifuata kwa uaminifu kila swali. Ukimpa maswali mia atakosa mia kwa kanuni ile ile. Vivyo hivyo anayejumlisha 27 na 35 akaandika 512, kajumlisha mamoja kapata 12 kaiandika yote, kajumlisha makumi kapata 5. Kabla hujaweka kosa muulize "nionyeshe ulivyofanya". Dawa iko kwenye jibu lake.

Siku za mwanzo, vitu tu. Vijiti vifungwe kumi kumi. Mezani weka mafungu 5 na vijiti 2, hiyo ni 52. Mwambie nipe 27. Anataka kutoa vijiti 7 na anaviona viwili tu. Nyamaza hapo, usimsaidie haraka, muache akwame mwenyewe aangalie yale mafungu. Wengi watauliza "nifungue hili?" Ndio, fungua. Sasa yamebaki mafungu 4 na vijiti 12, hesabuni pamoja kwamba jumla bado ni 52, hakuna kilichopotea, hii ni muhimu usiiache. Atoe 7, vinabaki 5. Atoe mafungu mawili, yanabaki mawili. 25. Fanyeni hivyo kwa siku kadhaa kwa namba tofauti, na katikati mpe ambazo hazihitaji kufungua, kama 58 kutoa 23, ili kila mara aamue mwenyewe, asifungue tu kwa mazoea.

Kisha michoro, hatua ile tunayoiruka. Fungu moja ni mstari wa kusimama, kijiti ni nukta. 52 ni mistari mitano na nukta mbili. Kufungua fungu ni kuukata mstari mmoja kwa kalamu na kuchora nukta kumi pembeni yake. Kutoa ni kufuta kwa mkwaju (/). Siku ya kwanza ya kuchora vijiti viwepo pale pale mezani, afanye kwa vijiti na kuchora kwa pamoja. Siku zinazofuata vijiti vinakaa kwenye mfuko chini ya dawati, akihitaji anachukua bila kuomba ruhusa. Anayejiamini hatavichukua, na siku atakayovichukua tena usimseme.

Mwisho ndio tarakimu, nazo mwanzoni ziandikwe pembeni ya mchoro, kila anachokichora anakiandika. Ameukata mstari mmoja, basi kwenye tarakimu anakata 5 anaandika 4. Amechora nukta kumi, basi 2 inakuwa 12. Hapo kukopa kuna maana. Mchoro unauondoa taratibu, wiki hii kila swali, wiki ijayo maswali mawili ya kwanza tu, baadae pale anapokwama.

Wewe unapofundisha fuata mwendo huu huu kila kipindi: fanya moja yeye anaangalia huku unasema kwa sauti unachofikiri ("nina mbili, nataka saba, hazitoshi, nafungua fungu"), fanyeni nyingine pamoja, kisha moja afanye yeye wewe unaangalia. Maneno yawe yale yale kila siku. Leo ukisema "kukopa", kesho "kuazima", keshokutwa "kufungua", kwa mtoto mwenye usonji au anayechelewa kuelewa hayo ni masomo matatu.

HATUA YA 6: Mafumbo (maswali ya hesabu ya maneno)

Hapa kuna ushauri umezoeleka ambao mimi siukubali, ule wa kumfundisha mtoto maneno ya kushika, kwamba akiona "zaidi" ajumlishe, akiona "baki" atoe. Mpe hii: Asha ana maembe 8, ana maembe 3 zaidi ya Juma, Juma ana mangapi? Aliyefundishwa maneno ya kushika anaandika 11. Jibu ni 5.

Badala yake igizeni. Watoto wawili mbele, vifuniko mkononi, Asha huyu, Juma huyu. Kisha wachore: mstari mrefu wa Asha, mstari mfupi wa Juma chini yake, ile sehemu iliyozidi iandikwe 3. Kisha ndio waulizane tujumlishe au tutoe. Kwa kiziwi fumbo lisiandikwe tu, liigizwe na lielezwe kwa Lugha ya Alama ya Tanzania, maana Kiswahili cha kuandika kwake ni lugha ya pili na anaweza kukosa fumbo la 8 kutoa 3 huku hesabu yenyewe anaijua. Sentensi ziwe fupi, swali moja kwa ukurasa, na majina na vitu viwe vya kwao: zabibu, alizeti, debe la mtama, nauli ya daladala. Fumbo la theluji na treni ya chini ya ardhi linampa kazi ya pili bure.

HATUA YA 7: Tebo

Hapa sitakaa sana. Anza tebo ya 2, ya 10, ya 5, kwa makundi ya vifuniko na kwa mistari ya trei. Muonyeshe kwa trei zima ambalo halijakatwa kwamba 5 mara 6 na 6 mara 5 ni trei lile lile limegeuzwa, hapo nusu ya kazi ya kukariri imeondoka. 6 mara 7 aipate kwa 5 mara 7 ni 35, ongeza 7 moja, 42. Na kama kumbukumbu haishiki kabisa, mpe chati ya tebo aiweke mezani aendelee na masomo mengine, usimzuie kujifunza kugawanya mwaka mzima kwa sababu hajakariri tebo ya 8.

HATUA YA 8: Pesa na saa

Hivi viwili ndio vitamsaidia mpaka uzeeni, hasa mwenye ulemavu wa akili, kwahiyo usivisubirishe mpaka amalize vingine.

Pesa yetu ina uzuri wake. Ni namba kubwa lakini zinakwenda mia mia, kwahiyo mtoto anayejua kuhesabu mpaka kumi anaweza kuhesabu "mia moja, mia mbili, mia tatu" mpaka elfu kabla hajaweza kuandika 1,000. Tumia sarafu za kweli, za kuchora kwenye karatasi hazina uzito wala umbo, na asiyeona anazitofautisha sarafu kwa ukubwa na kingo zake. Chenji usimfundishe kwa kutoa, mfundishe kwa kupanda. Andazi ni 200, ametoa 500: anaanza na mia mbili, anaweka sarafu ya mia moja anasema "mia tatu", nyingine "mia nne", nyingine "mia tano". Hizo tatu ndio chenji. Wauza duka wengi wanarudisha hivyo hivyo, muangalie wa mtaani kwenu. Akishaweza darasani, mzazi ampeleke dukani na 500 anunue kitu kimoja yeye mwenyewe, mkubwa asimame nyuma akae kimya.

Saa ni ngumu kuliko tunavyodhani, kwa sababu mshale mfupi uko kwenye 7 na sisi tunasema saa moja. Mtoto anayesoma namba vizuri ndio anachanganyikiwa zaidi. Njia nyepesi ni kumwambia aangalie namba inayotazamana na mshale, ng'ambo ya pili ya saa: 7 inatazamana na 1, saa moja, 10 inatazamana na 4, saa nne, 12 inatazamana na 6, saa sita. Tengeneza saa ya boksi, chora mistari inayounganisha namba zinazotazamana, afuate kwa kidole. Anza na mshale mfupi peke yake kwa siku nyingi, na saa za maisha yake: kuingia darasani, kula, kurudi nyumbani. Mshale mrefu uje baadae, na nusu kabla ya robo.

HATUA YA 9: Marekebisho kwa kila mtoto

Uoni hafifu na ualbino: maandishi makubwa kwa maka peni nyeusi, karatasi isiyong'aa, na hili jua letu la Dodoma usimkalishe akiangalia dirisha au mlango, mwanga uje kutoka nyuma yake. Mruhusu asogee mpaka ubaoni, na zaidi ya yote usimlazimishe kunakili, mpe maswali yameshaandikwa kwenye karatasi. Kofia avae hata kwenye somo la kupima uwanja nje.

Asiyeona: jifunze namba za nukta nundu (Braille, maandishi ya kugusa kwa kidole), zinajifunzika kwa siku moja. Namba zinatumia herufi a mpaka j, a ni 1, j ni 0, na mbele yake inakaa alama ya namba, nukta ya 3, 4, 5 na 6. Ukiandika ubaoni sema kila kitu, usiseme "hii ukijumlisha na hii", sema 24 jumlisha 13.

Kiziwi: ukigeuka kuandika ubaoni nyamaza, ukimaliza geuka ndio uongee, maana anasoma midomo na mikono na uso wako, hawezi kuangalia ubao na wewe kwa wakati mmoja. Hakikisha darasa zima linajua alama za namba na za kujumlisha na kutoa.

Usonji: ratiba ya kipindi kwa picha nne tano juu ya dawati, na akimaliza kitu anakifunika. Maswali manne kwa ukurasa yanatosha. Kelele ikizidi awe na sehemu ya kwenda. Kama anapenda magari, basi vihesabio vyake viwe magari, kuna shida gani.

Mtindio wa ubongo na wengine ambao mkono hauandiki: mpe kadi za namba 0 mpaka 9 zenye boksi nene, ajibu kwa kuzisogeza, au kwa kuonyesha kidole, au kwa macho kati ya kadi mbili, wewe uandike. Unapima hesabu yake, mkono wake uache. Na msubiri. Hesabu moyoni mpaka kumi kabla hujarudia swali.

Asiyetulia: vipindi vifupi vifupi, kazi dakika saba, asimame agawe madaftari, arudi. Funika nusu ya ukurasa kwa karatasi ili aone swali moja.

HATUA YA 10: Na wale wengine 65 je?

Hili ndio swali la kweli la mwalimu wa Tanzania. Huwezi kuwa na masomo manne kwa kipindi kimoja, kwahiyo somo liwe moja na milango iwe mingi. Wote wanafanya kutoa. Kundi moja kwa tarakimu, kundi moja kwa michoro, kundi moja kwa vijiti, na watoto wahame kundi kila wiki wanavyopanda, isije ikawa kundi la vijiti ndio "la wajinga", maneno hayo yakisikika darasani kwako yakate siku hiyo hiyo. Njia rahisi ni kuruhusu kila mtoto atumie vijiti akitaka. Utashangaa wangapi watavichukua.

Dakika tano za mwanzo kila kipindi ni marudio ya jana, ya wiki iliyopita na ya mwezi uliopita, swali moja moja. Watoto hawa wanasahau kisichorudiwa, na marudio mafupi ya kila siku yanashinda saa nzima ya Ijumaa. Wengine wakianza zoezi, wewe kaa na mtoto wako dakika nne tu, lakini kila siku. Rafiki wa dawati anasaidia sana, mradi umfundishe: asimpe jibu, amuulize "unaanzaje?"

HATUA YA 11: Mtihani

Mpe jaribio la mwezi kwa hali ile ile anayojifunzia. NECTA (Baraza la Mitihani) wenyewe wanatoa muda wa nyongeza kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwa masomo mengine, na kuna karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa. Hiyo ni haki yake, kwahiyo azoee kuitumia tangu darasa la tatu, mwalimu mkuu awe na taarifa zake mapema wakati wa kusajili, mtoto asije akafika siku ya mtihani hayumo kwenye orodha ya mahitaji. Kwenye daftari lako usiandike alama tu, andika alifanya kwa vitu, kwa mchoro au kwa tarakimu, na alisaidiwa au hapana. 40 ya bila kusaidiwa ni habari njema kuliko 70 ya kusukumwa.

HATUA YA 12: Nyumbani

Mzazi usimpe kazi ya kufundisha kutoa kwa kukopa. Muombe vitu vya dakika mbili: mama, akupe vikombe vitano, baba, mbuzi waliorudi ni wangapi, ahesabu vitunguu vya mafungu kule Majengo sokoni, fungu moja lina vingapi, mafungu matatu je. Mwambie mzazi mtoto anaweza nini kabla hujamwambia hawezi nini, maana wengi wameitwa shule mara nyingi na kila mara ni kwa ubaya, wengine walishaambiwa wamrudishe nyumbani tu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa huyu mtoto haki ya kusoma, mzazi aijue.

Na mwaka ukiisha, anapopanda darasa, usimuache aende mikono mitupu. Ule ukurasa wake wa daftari ukabidhi kwa mwalimu anayempokea, pamoja na mfuko wake wenye kipande cha trei, vijiti, kadi na mstari wa namba, na umueleze kwa mdomo vitu vitatu: anachoweza bila kusaidiwa, kosa analolirudia, na maneno gani mmezoea kutumia.